Mtani Juu ya Mifuko ya Saruji

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Sitan Tarawele aliupapasa ukuta wa nyumba yake. Alianzia mlangoni, akaenda pole pole mpaka kwenye kona anapolala mtoto. Alibonyeza hapa, akagonga pale. Vumbi lilimdondokea miguuni. Kisha alitoka uani na kutazama mbingu upande wa mashariki, kwani mvua za kwao hutokea huko.

Hakuna wingu. Akashusha pumzi.

Akitwanga uwele, alitazama tena. Akirudi kisimani, ndoo kichwani, alitazama tena kwa jicho la pembeni.

"Mama Nyeba, hiyo shingo itakatika," mumewe Zan alimwambia. "Mvua ikifika itapiga hodi yenyewe."

"Mwaka jana ilipiga hodi?"

Mwaka jana haikupiga hodi. Ilikuwa katikati ya masika, mchana, mvua imeshaanza kupungua. Sitan alimnyanyua binti yake Nyeba kutoka kwenye mkeka ili akamwogeshe. Hata hajafika mlangoni, akasikia kishindo nyuma yake. Alipogeuka, mkeka hauonekani. Pande la ukuta lililokuwa kubwa kama ndama lilikuwa limelala juu yake.

Walijenga upya pale palipobomoka. Lakini tangu siku hiyo Sitan hakutulia tena. Akikaa, anasimama. Akianza kazi moja, anakimbilia nyingine. Usiku, mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mtoto na mwingine juu ya ukuta.

Basi akaamua. Safari hii hatakandika udongo. Atapaka saruji nyumba nzima, nje kote, iwe ngumu kama jiwe. Aliuza mbuzi wake wawili, akaenda mjini Segu siku ya soko, akarudi na mifuko juu ya gari la punda. Aliipanga barazani mwenyewe. Katika darasa la jioni alikuwa amejifunza kusoma, na maandishi yaliyokuwa kwenye mifuko aliyasoma kwa sauti, herufi moja moja, huku Nyeba akipiga makofi.

"Sasa," alisema, "tutalala."

*

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliitwa Wasa Jara. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Watu wa ukoo wa Tarawele na watu wa ukoo wa Jara ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana, salamu haijaisha, matusi yameanza. Kila upande unadai kwamba upande wa pili ni wala maharage, tena wasioshiba. Wanatukanana sokoni, harusini, hata msibani, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Atakayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wakitwanga pamoja. Wasa aliiona mifuko barazani. Akaweka mchi wake chini.

"Sitan, ile saruji ni ya nini?"

"Ya ukuta."

"Ukuta wa udongo haupakwi saruji, mama. Utauharibu."

Sitan alinusa hewa. "Jamani, nani amefunua chungu cha maharage? Mbona pananuka hivi?"

Wanawake wakacheka, michi ikasimama. Wasa naye alicheka. Angefanyaje? Ndiyo sheria ya utani.

Siku nyingine Wasa alijaribu tena, wakiwa kisimani. "Sikiliza, mla maharage mwenzangu. Kaka yangu kule mjini San alipaka saruji nyumba ya udongo. Masika ya kwanza ikapendeza. Masika ya pili..."

"Masika ya pili ikabomoka!" Sitan alimkatiza. "Si mlilala humo ukoo mzima? Kwa upepo mlio nao tumboni, ukuta gani ungesimama?"

Kisima kizima kilicheka. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaachia kamba na ndoo ikatumbukia. Wasa pia alicheka, ila safari hii kicheko chake kilikatika mapema. Akatwika ndoo yake, akaondoka.

Sitan aliliona hilo. Hakutaka kuliona. Njiani alijiambia kwamba Wasa ana wivu, kisha akajiambia kwamba Wasa ni mtani tu, maneno ya mtani ni upepo. Lakini ndani kabisa alijua kwa nini hakutaka kusikia hadithi ya masika ya pili. Kama Wasa alisema kweli, basi yeye angerudi tena kwenye woga wake, na woga ule ulikuwa umemchosha.

Nyumbani, Zan alikuwa akitazama juu, kwenye mfereji wa mbao unaomwaga maji ya paa. "Mama Nyeba, nilikuwa nafikiri, huu mlizamu wetu..."

"Na wewe umeanza? Nenda kwa Wasa, mkale maharage pamoja."

Zan akakuna kichwa, akaenda shambani.

*

Siku ya kazi ilifika. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma tangu alfajiri, upepo wenye harufu ya mbali ya udongo mbichi. Sitan aliamka akiwa mbio mbio. Fundi Lansina angefika saa yoyote. Alifungua mlango, akatoka barazani, akapiga ukelele.

Juu ya mifuko ya saruji alikuwa amelala mtu. Amejifunika shuka jeupe, amefumba macho, amejiziba pua kwa pamba.

"Nani huyo?"

"Mimi ni maiti," alijibu Wasa. "Nizikeni hapa hapa."

Sitan alishika kiuno, akacheka mpaka machozi. Kila mtu pale kijijini Ngolobugu alikuwa ameliona jambo hilo. Mtu wa ukoo wa Tarawele akifa, watani wake Wajara hushuka kaburini kabla yake, wakalala humo, wakakataa kutoka mpaka wapewe chochote. Ni namna yao ya kuwafuta wafiwa machozi. Lakini kulala juu ya saruji, hilo lilikuwa jipya. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Fundi Lansina aliingia uani na mwiko wake na karai, akabaki ameduwaa.

Sitan aliingia ndani, akatoka na maharage yaliyojaa kiganja. "Haya, chukua chakula chenu, ufufuke. Fundi anasubiri."

Wasa alifumbua jicho moja. Akakaa. Akaitoa pamba puani. Aliyapokea maharage kwa mikono miwili, akainama, akayaweka chini, taratibu, mbele ya miguu ya Sitan.

"Leo nimeshusha maharage, Sitan," alisema.

Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia maneno hayo. Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Unazijua mila zetu," Wasa aliendelea. "Mtani akikuomba jambo kwa dhati, huwezi kumkatalia. Nikisema sasa hivi, 'Kwa utani wa babu zetu, acha saruji,' utaacha. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli. "Basi sema, tumalize," Sitan alijibu kwa ukali.

"Sisemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utaniitikia kwa mdomo tu. Mvua itakaponyesha utanilaani kwa kila tone. Mimi sitaki unitii. Nataka unisikie. Nitakupa sababu zangu, kisha unipe zako. Zako zikiwa nzito kuliko zangu, mifuko hii nitaibeba kwa kichwa changu, mmoja mmoja, nimpelekee fundi."

Sitan alitazama mashariki. Ukungu mwembamba wa vumbi ulikuwa umesimama kule mwisho wa mashamba. "Wasa, hatuna muda."

"Sababu zangu ni fupi."

Sitan alitaka kusema neno la mzaha. Alilitafuta. Watu wote walikuwa wakimngoja alitoe. Alitazama yale maharage chini, akaona aibu, akaketi kwenye kizingiti. "Haya. Sema."

*

Wasa alisema bila kupamba. Nyumba ya kaka yake ilipakwa saruji. Masika ya kwanza ilipendeza. Masika ya pili saruji ilipasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji yakaingia humo, yasipate pa kutokea. Kwa nje ukuta ulionekana mzima. Ndani udongo ulikuwa umekuwa uji. Siku moja saruji iliteremka yote kama ngozi ya mbuzi anayechunwa, na udongo ukashuka nayo.

"Nilikuwepo," alisema Wasa. "Nilimsaidia wifi yangu kufukua vyombo. Asante Mungu hapakuwa na mtu ndani. Ndiyo maana kila nikiona mifuko yako, namwona Nyeba."

Sitan alimvuta Nyeba karibu. Kisha alijibu, na safari hii hakutania.

"Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi. Mwaka jana tulikandika kwa udongo, kama tunavyokandika siku zote. Wewe mwenyewe ulichota maji. Tulikandika, na ukuta ukaanguka juu ya mkeka wa mwanangu. Leo unaniambia nirudie dawa ile ile iliyonishinda. Kwa nini?"

Wasa akafikiri.

"Hapo," alisema, "sina jibu. Umesema kweli."

Sitan alishangaa kuliko alivyoshangaa kuona maiti barazani. Tangu utoto wao hakuwahi kumsikia Mjara akikiri kwamba hana jibu mbele ya Mtarawele. Kitu kilicholegea ndani yake hakukijua jina. Alimgeukia fundi.

"Lansina, wewe unasemaje?"

Lansina alikuwa akikwangua mwiko wake kwa ukucha. "Mimi? Sijaulizwa."

"Si nakuuliza?"

"Sasa ndiyo unauliza. Ulipokuja kwangu ulisema, 'Lansina, njoo unipakie saruji.' Hukusema, 'Lansina, ukuta wangu unaanguka, nifanyeje?' Ile ya kwanza ni kazi. Hii ya pili ni swali. Mimi nilikuja kufanya kazi."

"Kwa hiyo ungeipaka tu, hata kama unajua ni makosa?"

"Ningeipaka, dada. Na ningekosea. Lakini nimeshachoka kugombana na watu waliokwisha kuamua. Wananiona naogopa kazi."

Zan alikohoa. "Hata mimi sikuulizwa."

"Na wewe ulikuwa na neno?"

"Nilikuwa nalo. Nikaambiwa nikale maharage kwa Wasa." Watu walicheka kidogo. Zan alinyoosha kidole juu. "Mlizamu huo. Ni mfupi. Maji yote ya paa yanamwagika hapo hapo, chini ya kona ya mtoto."

Sitan alitazama. Mlizamu wa mbao ulichomoza kutoka paani kiasi cha urefu wa mkono tu. Ameishi chini yake tangu alipoolewa. Hakuwahi kuuona.

*

Lansina aliwapeleka kwenye ghala la zamani la kinu cha kusagia nafaka, hatua chache kutoka hapo. Lilikuwa limejengwa kwa matofali mabichi, likapakwa saruji. Siku hizi halikuwa na kitu ndani ila panya.

"Gonga," alimwambia Sitan.

Sitan aligonga kwa kifundo cha kidole. Ukuta ulilia kama ngoma tupu.

"Sasa gonga ule wa udongo wa jirani."

Ule haukulia. Uliitika kwa sauti nzito, ya kitu kilichojaa.

Lansina alichomeka ncha ya mwiko kwenye ufa. Bamba la saruji lilibanduka kama gamba. Nyuma yake palikuwa na unga. Sitan aliusukuma kwa kidole, kidole kikazama.

"Udongo hunywa maji," Lansina alieleza. "Hunywa ya mvua, hunywa na ya ardhini. Jua likiwaka, huyatoa. Ndivyo unavyoishi. Ukiupaka saruji umeufunga kinywa. Chukua nguo iliyolowa, uifungie kwenye mfuko wa nailoni, uiache siku kadhaa. Utakuta nini?"

"Imeoza," alisema Sitan.

"Basi. Tena udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Saruji haitanuki wala haisinyai. Hawa wawili hawawezi kulala kitanda kimoja. Kwa hiyo Wasa amesema kweli."

Wasa alianza kutabasamu.

"Lakini ngoja," alisema Lansina. "Na Sitan amesema kweli. Udongo mliokandika mwaka jana haukufaa. Mliukoroga siku gani?"

"Siku ile ile ya kukandika," alijibu Zan. "Tulikuwa na haraka."

"Ndiyo. Udongo wa kukandika hulowekwa. Unachanganywa na pumba za mpunga na mavi ya ng'ombe, unakanyagwa, unaachwa uchachuke, unakanyagwa tena. Ukianza kunuka vibaya ndipo unapoiva. Ule wa haraka hupasuka na mvua huubeba. Na hata ungekuwa mzuri, maji ya mlizamu yangeula ukuta kwa chini. Ukuta wenu haukuanza kuanguka kwa juu. Ulikatwa miguu."

Walirudi nyumbani. Sitan alikuwa akihesabu moyoni, si fedha, bali siku. Udongo ulowekwe, uchachuke, ukanyagwe tena. Na kule mashariki ule ukungu ulikuwa umenenepa.

"Lansina. Saruji ingekuwa tayari lini?"

"Kesho jioni."

"Na udongo?"

"Wiki moja na zaidi."

"Na mvua ikitangulia?"

"Huenda ikatangulia. Sitakudanganya."

Hapo palikuwa pagumu. Sitan alisimama katikati ya ua, Nyeba mgongoni, hajui aelekee wapi. Miguu yake ilitaka kukimbilia ile mifuko. Mikono yake ilitaka kufungua mmoja, kuchanganya, kupaka, kumaliza. Alizunguka ua mara mbili. Hakuna aliyemharakisha.

"Ikitangulia mtalala kwangu," alisema Wasa. "Nyumba yangu haina upepo kama unavyodhani."

"Mlizamu na mchirizi haviwezi kungoja udongo uive," alisema Zan. "Hivyo tunaanza leo."

Sitan aligeuka. "Mchirizi wa nini?"

"Wa kupeleka maji ya paa mbali, mpaka kwenye shimo la mipapai yako. Na huo, nadhani, unaweza kujengwa kwa mawe na saruji."

"Unaweza," alisema Lansina. "Hapo chini, mbali na ukuta, saruji iko mahali pake."

Sitan alivuta pumzi ndefu.

"Ningependa muwe mmekosea wote," alisema. "Kweli kabisa. Nilitaka kulala kesho. Lakini sababu zenu ni nzito kuliko woga wangu. Haya, leteni majembe."

*

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Waliweka mlizamu mpya, mrefu, uliotupa maji mbali. Walipanga mawe chini ya ukuta na kuinamisha ardhi iteremkie nje. Wakajenga mchirizi kwa saruji ya Sitan mpaka kwenye mipapai. Nyuma ya nyumba walichimba shimo, wakamwaga humo udongo, pumba, mavi ya ng'ombe na maji, wakaukanyaga kwa miguu huku watoto wakipiga kelele za furaha.

Kila siku Sitan alikwenda kuunusa.

"Umeiva?"

"Bado," Lansina alisema.

"Leo je?"

"Dada, hata mimba haiulizwi hivi."

Mvua ilitangulia. Ilikuja jioni moja, si kubwa, ya kuonja tu. Walibeba mikeka, wakaenda kwa Wasa. Sitan hakukaa. Alisimama mlangoni kwa Wasa akiitazama nyumba yake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Keti, mla maharage," alisema Wasa. "Hata ukiitazama, yenyewe haikutazami."

"Ukuta ukianguka?"

"Ukianguka, utakuwa umeanguka mtupu, hamna mtu ndani. Na mimi nitakuomba radhi mbele ya kijiji."

Mlizamu ulimwaga maji mbali. Mchirizi ukayapokea, ukayapeleka kwenye mipapai. Ukuta ulilowa juu, lakini miguu yake ilibaki mikavu. Sitan aliona. Akaketi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikula ugali wake mpaka ukaisha.

Hatimaye shimo lilinuka. Lilinuka kiasi kwamba majirani walianza kulalamika, na Sitan akawaambia kwamba si udongo, ni Wasa amepita. Siku hiyo watu walikuja na makarai. Waliulowesha ukuta kwanza, kisha wakakandika mkono wa kwanza. Ulipokauka walikandika wa pili, mwembamba, uliochanganywa na mafuta ya shea, wakausugua kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Wasa na Sitan walisugua bega kwa bega kona ile ya mtoto.

Mvua kubwa ilikuja baadaye, mchana, na ngurumo zake na upepo wake. Safari hii Sitan hakwenda kwa jirani. Aliketi ndani, Nyeba mapajani, mkono juu ya ukuta. Alingoja. Mvua ilipiga mpaka sauti za watu hazikusikika. Kisha ikapungua. Kisha ikaacha. Jua lilitoka, na Sitan akatoka nalo. Ukuta ulikuwa umelowa, rangi yake imeiva, na mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwake. Ulikuwa ukiyatoa maji, kama Lansina alivyosema.

Aligonga. Ulimwitikia kwa sauti nzito.

*

Masika yalipita na ukuta ukasimama. Kila mwaka utahitaji mkono mmoja mwembamba wa udongo ulioiva, basi.

Lakini kuna jambo jingine lililobadilika, na hili halikuhitaji fundi. Sitan alianza kuuliza kabla ya kuagiza. Alimwuliza Zan, akangoja jibu mpaka mwisho. Katika kikundi chao cha bustani ya vitunguu, kabla ya kuamua jambo, aliweka maharage machache chini, katikati ya mkeka, akasema: "Yameshushwa. Nani ana neno tofauti? Na sababu yake ni nini?"

Si kila neno tofauti lilishinda. Siku moja mwanamke mmoja alisema wasipalilie wiki hiyo.

"Sababu?"

"Mgongo wangu."

Walicheka, wakampa kazi ya kumwagilia, wakapalilia. Siku nyingine msichana mpole aliyekuwa hasemi kamwe alisema vitunguu visivunwe bado, akaonyesha majani yaliyokuwa hayajalala, dalili kwamba havijakomaa. Wakubwa walinung'unika. Kisha wakaenda wakayatazama majani, wakangoja. Vitunguu vya msimu ule havikuoza ghalani.

Utani haukufa. Ungekufaje? Salamu haijaisha, matusi yameanza, vile vile.

Kiangazi kilipofika, Wasa alipanga kujenga ghala jipya la uwele. Alichagua mahali pa bondeni, karibu na kisima, ili asitembee mbali. Matofali yakakaushwa, yakapangwa. Sitan alipapita mahali pale akakumbuka kwamba masika yaliyopita bata walikuwa wakiogelea hapo.

"Wasa," alimwambia, "ghala litakaa majini hapo."

"Maji gani? Mnusa maharage wewe, macho yako yanatoka machozi ya vitunguu!"

Wanawake wakacheka. Sitan alicheka pia, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Wasa alitoka nyumbani na jembe la kuchimbia msingi. Akasimama. Juu ya rundo la matofali yake palikuwa na mtu amelala, amejifunika shuka jeupe, amejiziba pua kwa pamba.

Wasa aliweka jembe chini. Alitaka kucheka, akajizuia. Alirudi ndani. Alipotoka alikuwa na kigoda mkono mmoja na maharage mkono wa pili. Aliyaweka maharage chini, akaketi mbele ya yule maiti.

"Haya, Sitan," alisema. "Nipe sababu zako."